Dawa Imemkubali? Kidonge cha Saratani Ndani ya Damu ya Siko Seli

Mama niliyekaa naye benchi moja kliniki alikuwa na kopo la dawa ndani ya mkoba, limeviringishwa kwenye kipande cha khanga, kifuniko hakijaguswa. Miezi miwili. Mimi nilikuwa nimemsindikiza mpwa wangu. Yeye alikuwa na mwanawe wa miaka mitatu, amelala mapajani. Zamu yake ilipofika, sista aliitazama karatasi ya majibu ya damu, akaitazama tena, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

“Mama, huyu mtoto hajaanza dawa, sivyo?”

“Sista, umejuaje?”

“Damu yake imesema.”

Mama akatoa kopo. Hakukana. Baba wa mtoto alikuwa amesoma kile kikaratasi kinachokunjwa mara nane ndani ya boksi, akakuta kimeandikwa kuwa dawa hii hutibu saratani ya damu. Akasema mwanangu ana siko seli, hiyo kansa imetoka wapi? Kopo likawekwa juu ya kabati.

Yule baba hakukosea kusoma. Haidroksiyurea, dawa iliyokuwa ndani ya kopo lile, ni ya saratani kweli. Marekani iliiruhusu kwa kazi hiyo mwaka 1967, miongo mitatu kabla ya kuiruhusu kwa siko seli. Swali lake ni zuri kuliko majibu mengi tunayopewa dirishani, na nikilijibu sawasawa nitakuwa nimefafanua mambo mawili yanayowachanganya watu kila siku: saratani na ugonjwa wa kurithi vinatofautianaje wakati vyote huitwa “vya jeni”, na kwa nini dawa moja humkubali huyu ikamkataa yule.

Kazi moja tu

Tuanze na chenyewe kidonge. Haidroksiyurea ilitengenezwa maabara Ujerumani mwaka 1869, na kwa miongo mingi hakuna aliyejua ifanyiwe nini. Ni molekuli ndogo sana, na ndani ya mwili kazi yake kubwa ni moja. Seli inapotaka kugawanyika, lazima kwanza inakili vinasaba vyake vyote, na kunakili kunahitaji malighafi. Kuna kimeng'enya kinachoitwa ribonukleotidi ridaktesi ambacho huzalisha malighafi hiyo. Haidroksiyurea hukikaba. Fundi yupo, ramani ipo, maji na saruji vipo, lakini matofali hayaji. Ujenzi unasimama.

Seli ambayo haina mpango wa kugawanyika haisikii chochote. Inayogawanyika usiku na mchana ndiyo inayoumia. Ndiyo maana madaktari wa miaka ya 1960 waliipenda kwa wagonjwa wa saratani sugu ya damu, ile inayozalisha chembe nyeupe kupita kiasi hadi bandama inavimba na kujaa upande wa kushoto wa tumbo. Ukiwapa haidroksiyurea, chembe nyeupe zinashuka, bandama inanywea, mtu anarudi kazini. Kwa muda. Dawa ilipunguza umati bila kuugusa mzizi, na baada ya miaka kadhaa ugonjwa ulibadilika kuwa mkali na kumshinda mgonjwa.

Mzizi wenyewe ulionekana Philadelphia mwaka 1960, pale Peter Nowell na David Hungerford walipoona kromosomu moja (kifurushi cha vinasaba) fupi isiyo ya kawaida ndani ya seli za wagonjwa hawa. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha jinsi inavyotokea: kipande cha kromosomu ya 9 na kipande cha kromosomu ya 22 vimebadilishana mahali. Pale vipande vilipoungana kukazaliwa jeni mpya, na jeni hiyo hutoa protini inayoamrisha seli igawanyike bila kukoma. Mwaka 2001 ikaidhinishwa imatinibu, dawa inayoibana protini hiyohiyo, na haidroksiyurea ikasogezwa pembeni katika ugonjwa ule.

Sasa hapa ndipo wengi tunapopotea. Tunasikia “kosa la jeni” kwa saratani, tunasikia “kosa la jeni” kwa siko seli, tunaviweka kapu moja. Lakini uliza kosa limetokea lini, na limekaa kwenye seli zipi.

Mgonjwa wa saratani sugu ya damu hakuzaliwa na kromosomu ile fupi. Kosa lilitokea ukubwani, ndani ya seli moja ya uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na seli hiyo ikazaa ukoo wake. Ukichukua seli ya ngozi yake au ya ini, huikuti. Watoto wake hawairithi. Mtoto wa siko seli naye alipokea kosa lake siku mimba ilipotungwa, nusu kutoka kwa baba na nusu kwa mama, na liko katika kila seli yenye vinasaba mwilini mwake, kuanzia ngozi hadi ubongo, ingawa linafanya madhara kwenye chembe nyekundu za damu peke yake kwa sababu huko ndiko jeni hiyo inakotumika. Kuna saratani chache ambazo mtu huzaliwa na mwelekeo wake, kwa mfano zile za matiti na ovari zinazofuata jeni za BRCA katika familia. Hata huko kinachorithiwa ni hatari, na seli bado lazima ifanye makosa mengine baadaye ndipo igeuke. Siko seli haigeuki kuwa saratani, na kumpa mtoto dawa iliyoanzia kwenye saratani si kumwambia mzazi kwamba kuna kansa imefichwa.

Kwa nini basi apewe?

Miezi sita ya neema

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago aliandika habari za kijana kutoka Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno, ambaye chembe zake nyekundu, badala ya kuwa duara, zilikuwa ndefu na zimepinda kama mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kwamba shida iko kwenye himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akaipata nukta yenyewe: katika mnyororo wa beta wa himoglobini, kiungo cha sita kimebadilishwa, penye asidi ya glutamiki pamekaa valini. Kiungo kimoja tu. Himoglobini hiyo ikishaachia oksijeni huanza kushikana yenyewe kwa yenyewe, inaunda nyuzi ngumu, na nyuzi hizo zinaisukuma chembe hadi inapinda. Chembe zilizopinda huziba mishipa midogo. Yanayofuata yanajulikana na kila mzazi aliyekesha nayo: viganja vinavyovimba, kilio cha mifupa usiku, macho ya manjano, kuongezewa damu, na kwa wengine kiharusi kabla ya kuanza shule.

Lakini mwanzoni huwa hakuna kitu. Mtoto huzaliwa vizuri, ananyonya, ananenepa, na dalili hutokea akikaribia nusu mwaka. Mwaka 1948 Janet Watson, daktari wa watoto Brooklyn, alilitilia maanani hilo. Damu za vichanga wenye ugonjwa huu zilikuwa na chembe chache zinazopinda, naye akahisi sababu ni himoglobini ya kichanga, ambayo leo huitwa himoglobini F. Tukiwa tumboni tunatumia hiyo, kwa sababu inavuta oksijeni kwa nguvu kutoka kwenye damu ya mama. Baada ya kuzaliwa mwili unaizima polepole na kuwasha ile ya utu uzima. Kwa mtoto wa siko seli, himoglobini ya utu uzima ndiyo yenye kasoro. Mwili unamnyang'anya nzuri unampa mbovu, na unafanya hivyo kwa ratiba.

Ushahidi wa pili ulitoka Arabuni. Mashariki ya Saudia walikutwa watu wenye siko seli kamili, jeni mbili, ambao walikuwa wakiishi kwa unafuu usiotarajiwa. Himoglobini F yao haikuzimika sawasawa. Ukivuka mpaka hadi Omani mambo yanachanganyika zaidi, kwa sababu jeni ya mundu huko ina asili zaidi ya moja: ipo ya upande wa Uarabuni na India, na zipo zilizovuka bahari kutoka Afrika pamoja na watu, majahazi na biashara ambazo wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa. Herufi iliyokosewa ni ileile, ila mazingira ya vinasaba yanayoizunguka ni tofauti, na ugonjwa nao unatofautiana ukali.

Kwa hiyo kabla hata hujatafuta dawa, asili ilikwisha kuonyesha njia. Anayeendelea kuwa na himoglobini ya kichanga, mundu wake unakuwa butu. Kazi iliyobaki ni kuiamsha kwa yule aliyekwisha kuizima.

Dawa iliyokutwa njiani

Mwaka 1982 watafiti wa Marekani walijaribu kitu kwa nadharia nzuri sana. Jeni zilizozimwa huwa zimebandikwa alama ndogo za kikemia. Kuna dawa nyingine ya saratani, azasaitidini, inayozuia alama hizo zisibandikwe. Basi tukiwapa wagonjwa, jeni ya himoglobini F itawaka. Wakaipa, ikawaka. Wakashangilia.

Ndipo wengine wakauliza swali la kukera. Je, ni kweli alama zimebanduka, au dawa imeutikisa tu uloto hadi ukaanza kufanya kazi kitoto? Wakachukua haidroksiyurea, ambayo haigusi alama hizo kabisa, wakaijaribu kwa nyani, na mwaka 1984 kwa wagonjwa. Himoglobini F ikapanda vilevile. Nadharia nzuri ikapata kidonda, na wagonjwa wakapata dawa. Napenda sana kisa hiki, maana dawa iliingia mlangoni kama shahidi wa upinzani.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni haya: haidroksiyurea inaposimamisha seli zinazogawanyika haraka ndani ya uloto, uloto hulazimika kuharakisha wengine walio nyuma kwenye foleni, wachanga zaidi, ambao bado wana mazoea ya kutengeneza himoglobini ya kichanga. Wanasayansi bado wanabishana juu ya sehemu za maelezo hayo. Faida nyingine hazina ubishi sana: chembe nyekundu zinakuwa kubwa na zenye maji zaidi, chembe nyeupe zinazochochea uvimbe zinapungua, na damu hainati sana kwenye kuta za mishipa. Sumu ileile, kwa kipimo kidogo kilichopimwa vizuri, inafanya kazi tofauti kabisa na ile iliyofanya kwenye saratani. Kule lengo lilikuwa kuangusha umati. Hapa ni kuusukuma uloto kidogo tu.

Jaribio kubwa lilifanyika Marekani na Kanada kwa watu wazima 299, wengine wakipewa dawa na wengine kidonge kisicho na dawa, bila wao kujua. Lilisimamishwa mapema, Januari 1995, kwa sababu tofauti ilikuwa wazi mno: wa kundi la kidonge tupu walipata mashambulizi ya maumivu 4.5 kwa mwaka, wenzao wa dawa walipata 2.5. Mwaka 1998 ikaidhinishwa.

Afrika, wanakozaliwa wengi wa watoto hawa, ilibaki ikisubiri. Tanzania peke yake inakadiriwa kupata watoto 11,000 hivi wenye siko seli kila mwaka.

Hofu ya malaria

Kusubiri huko kulikuwa na sababu, na sababu yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba jeni ya mundu imejaa pale penye malaria, pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni adimu nyanda za juu. Anayerithi jeni moja tu ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali, ndiyo maana jeni haikufutika. Ila mtoto mwenye jeni mbili hafaidi. Malaria humuua haraka. Sasa umpe mtoto huyo, anayeishi kwenye mbu, dawa inayopunguza chembe nyeupe, yaani askari wa mwili. Daktari yeyote mwenye akili angesita.

Jibu halikutoka Boston wala London. Kampala, hospitali ya Mulago, watoto 208 wa umri wa mwaka mmoja hadi minne waligawanywa makundi mawili, dawa na kidonge tupu, wote wakipewa dawa ya kuzuia malaria. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: malaria haikuongezeka. Kisha likaja jaribio la nchi nne, lililochapishwa kwenye jarida la New England mwaka 2019, likiongozwa na watafiti akiwemo Léon Tshilolo wa Kinshasa, Tom Williams wa Kilifi, Peter Olupot-Olupot wa Mbale na Brígida Santos wa Luanda, pamoja na Russell Ware wa Marekani. Watoto 606 wakaanza dawa.

Takwimu zake nazirudia mara kwa mara, kwa hiyo nivumilie. Kwa kila miaka 100 ya kuishi kwa watoto ukiijumlisha pamoja, matukio ya maumivu yalishuka kutoka 98.3 hadi 44.6. Kuongezewa damu kutoka 43.3 hadi 14.2. Vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Na malaria, ile iliyokuwa sababu ya kusubiri, ikashuka kutoka 46.9 hadi 22.9. Ikashuka! Nisiwe mjanja: jaribio hili halikuwa na kundi la kidonge tupu, lililinganisha watoto na hali yao wenyewe kabla ya dawa, na mtoto aliye ndani ya utafiti hutazamwa kwa karibu kuliko aliye nje. Lakini tofauti ya ukubwa huo haielezwi na macho ya manesi peke yake.

Huyu imemkubali, huyu imemkataa

Turudi kwenye neno la nyumbani. Tunasema dawa “imemkubali” mtu, kana kwamba dawa ndiyo inayochagua. Katika lile jaribio la 1995, walipowapanga wagonjwa wa dawa kwa jinsi himoglobini F ilivyopanda, robo ya juu walifika wastani wa asilimia 18. Nusu ya chini hawakusogea kitu cha maana. Dawa moja, kopo moja.

Sababu ya kwanza ni ya kawaida kabisa: wengine hawakumeza. Watafiti wengi hawapendi kuianza na hiyo, wanakimbilia jeni. Mama wa kwenye benchi anajua.

Sababu ya pili ni kipimo. Kapsuli ya kawaida ni miligramu 500. Mtoto wa kilo 12 anayetakiwa kupata miligramu 20 kwa kila kilo anahitaji 240, pungufu kidogo ya nusu kapsuli. Niliona sista akipiga hesabu hiyo kwa peni nyuma ya kadi ya kliniki, akizungushia jibu duara mara mbili, na kumweleza mama kwamba asiifungue kapsuli nyumbani kwa kukisia, unga wake usiguswe kwa mikono mitupu, na mjamzito asiushike kabisa. Mtoto akiongezeka kilo, hesabu inabadilika. Jaribio jingine la Kampala, lililochapishwa mwaka 2020, lililinganisha watoto waliobaki kwenye kipimo kilekile na wale waliopandishwa hatua kwa hatua hadi mwisho wa uvumilivu wa miili yao. Lilikatishwa mapema kwa kuwa waliopandishwa walikuwa wazima zaidi kwa mbali. Wengi tuliodhani dawa imewakataa walikuwa hawajapewa ya kutosha.

Baada ya hayo ndipo jeni zinaingia. Kati ya 2007 na 2008 watafiti waliokuwa wakisoma vinasaba vya watu wengi kwa mpigo, London, Sardinia na Boston, walikutana kwenye jeni moja iitwayo BCL11A. Kumbe ndiyo swichi: inapofanya kazi, himoglobini ya kichanga inazimwa. Watu hurithi matoleo tofauti kidogo ya swichi hiyo. Ya wengine ni legelege, na damu yao huanza safari ikiwa na himoglobini F nyingi hata kabla ya kidonge cha kwanza. Dar es Salaam nayo imo kwenye kisa hiki. Muhimbili, ambako Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa wa siko seli kwa maelfu, ilishirikiana na timu ya Swee Lay Thein ya London, na mwaka 2011 wakachapisha kwa pamoja ulinganisho wa jeni hizi kati ya wagonjwa wa Tanzania na wa Uingereza. Siana Nkya, aliyekuwa kwenye kazi hiyo, ameendelea kufuatilia swali la himoglobini F kwa wagonjwa wa hapa.

Na kuna jeni moja ambayo haihusiani na siko seli wala saratani, lakini inaingilia matibabu ya vyote viwili. Hii ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Juu ya chembe nyekundu za watu wengi duniani kuna protini inayoitwa Duffy. Watu wengi mno wa Afrika kusini mwa Sahara hawana. Mababu zetu waliipoteza, na kwa kuipoteza wakapata kinga dhidi ya aina moja ya malaria, vivaksi, ambayo huutumia mlango huo kuingia kwenye chembe. Faida nzuri, ila ina mkia: asiye na Duffy, akipimwa damu, huonekana kuwa na nyutrofili chache, yaani wale askari wa mstari wa mbele kati ya chembe nyeupe. Mtu mwenyewe haugui zaidi ya wengine. Uloto wake unazalisha kama kawaida. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba nyutrofili zake nyingi zimo ndani ya nyama za mwili badala ya kuzunguka kwenye damu inayochotwa na sindano. Tatizo ni kwamba mpaka wa “kawaida” uliandikwa kwa kuwapima watu wenye Duffy.

Fikiria linavyouma. Daktari wa saratani, kabla ya kila mzunguko wa kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, anaangalia nyutrofili. Zikiwa chini ya kizingiti anaahirisha wiki, au anapunguza dozi. Mgonjwa asiye na Duffy anaweza kuahirishiwa tena na tena kwa sababu ya namba ambayo kwake ni ya kuzaliwa nayo, huku uvimbe ukipata likizo. Majaribio ya dawa mpya nayo yamekuwa yakiweka vizingiti hivyohivyo mlangoni, na wenye asili ya Afrika wanabaki nje. Kwa siko seli ni yaleyale: haidroksiyurea hupandishwa au kushushwa kwa kuangalia nyutrofili, kwa hiyo mtoto anaweza kubaki na dozi ndogo akahesabiwa kuwa dawa imemkataa, kumbe aliyemkataa ni karatasi.

Wagonjwa wa Ulaya nao wana yao. Merkaptopurini, dawa kongwe ya saratani ya damu ya watoto, huvunjwavunjwa mwilini na kimeng'enya kiitwacho TPMT. Kati ya Wazungu, mtu mmoja katika kila 300 hivi amerithi matoleo mawili yasiyofanya kazi, na kwake dozi ya kawaida ni sumu inayoweza kuukausha uloto. Huko upimaji wa jeni hiyo kabla ya dozi ya kwanza umekuwa jambo la kawaida katika hospitali nyingi. Kipimo cha Duffy ni rahisi pia, sampuli ya damu tu, na sioni sababu ya msingi ya kukikosa katika hospitali zinazotoa kemo kwa Waafrika.

Wino wa namba

Hadi hapa nimezungumzia kuamsha himoglobini F kwa kuutikisa uloto. Siku hizi kuna wanaoifuata swichi yenyewe. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya kurekebisha jeni, na Desemba 8 mwaka huohuo Marekani ikafuata. Seli mama za uloto zinatolewa kwa mgonjwa, zinapelekwa maabara, mkasi wa CRISPR, chombo cha kukata vinasaba, unakata kipande kinachoiwezesha BCL11A kufanya kazi kwenye chembe nyekundu, kisha zinarudishwa. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Bei Marekani: dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja.

Habari hii ilipokelewa na wengi kana kwamba siko seli imeachana na saratani. Haijaachana. Ili seli zilizorekebishwa zipate mahali pa kukaa, zile za zamani lazima ziondolewe, na zinaondolewa kwa busalfani, dawa ya kemo iliyokuwa ikitibu saratani sugu ileile ya damu zama za haidroksiyurea. Nywele zinatoka, midomo inapata vidonda, na uwezo wa kuzaa unaweza kupotea. Tiba nyingine ya jeni iliyoidhinishwa Marekani siku hiyohiyo ya Desemba ilibandikwa onyo la saratani ya damu. Hata upandikizaji wa uloto kutoka kwa ndugu, unaofanyika sasa Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma kwa watoto wa siko seli, unahitaji kemo ya kuandaa nafasi. Baba aliyeogopa kikaratasi cha haidroksiyurea angekuta vikaratasi vizito zaidi huko mbele.

Wagonjwa wa lile jaribio la kwanza la Marekani walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 17, na ongezeko la saratani kwa sababu ya haidroksiyurea halikuonekana. Hilo ndilo sista alilomwambia yule mama, kwa maneno machache kuliko yangu, na akamwomba safari ijayo aje na baba.

Sikuwapo walipokuja pamoja. Tulikutana tena miezi mitano baadaye, benchi lilelile, mtoto sasa yuko macho na anataka simu ya mpwa wangu. Mama akanionyesha kadi. Sista alikuwa ameandika kwa wino namba mbili zinazofuatana kila mwezi, himoglobini na ukubwa wa chembe nyekundu. Haidroksiyurea hufanya chembe zivimbe kidogo. Asiyemeza, namba hiyo haisogei, na ndivyo sista alivyojua ile mara ya kwanza bila kuambiwa. Kwenye kadi ya mama ilianza 78, ikawa 79, ikawa 85, ikawa 91. Pembeni ya 91 sista alikuwa ameweka tiki.